Nyama Yenye Anwani

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa duka, karakana na sebule kwa pamoja. Cherehani ilikaa dirishani ili ipate mwanga. Nguo za wateja zilining'inia ukutani, kila moja na karatasi yake ya vipimo. Chini ya meza palijaa vipande vya vitambaa vya kila rangi, na mshonaji mwenyewe alikataa katakata kuvitupa. "Kitambaa hakiozi," alisema. Watu walimwita Fundi. Hata mumewe alimwita hivyo, hasa alipotaka kushonewa kifungo.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la mkate. Alirudi kila mchana na unga kwenye nyusi. Binti yao wa pekee alipewa jina la Kasuku, maana neno likiingia sikioni mwake asubuhi, mchana liko mtaa wa pili.

Na tangu mvua za mwaka jana, mezani palikuwa na mtu wa nne. Huyo ni baba yake Fundi.

Mzee huyu alikuwa mchungaji maisha yake yote. Zamani, kule juu bondeni, kila nyumba ilikuwa na ng'ombe mmoja au wawili, na wote walichungwa na mtu mmoja. Asubuhi alipita akipiga mluzi. Ng'ombe walitoka zizi baada ya zizi na kumfuata. Ndiyo maana mpaka leo anaitwa Mzee Mluzi.

Kisha nyasi za bondeni zikaisha. Wakuu wakalifunga bonde, ng'ombe wakauzwa. Miaka ikapita, mkewe naye akafariki. Mzee akabaki peke yake na nyumba. Siku moja aliteleza uani, akalala pale asiweze kuinuka, mpaka mpita njia aliposikia mluzi wake. Fundi alipopata habari hakungoja kusimuliwa mara ya pili. Alimchukua baba yake siku hiyohiyo, akamleta mjini.

Mzee hakugombana na mtu mle nyumbani. Aligombana na sahani. Alikula mkate, alikula mboga, alikunywa mchuzi kidogo. Nyama aliisukuma pembeni, kipande kwa kipande, akaipanga ukingoni.

"Baba, nyama," Fundi alimwambia.

"Nimeiona."

"Sasa mbona huli?"

"Nyama hii haina anwani," mzee alijibu. "Imetoka wapi? Ilikula nini? Nani aliichunga? Hujui wewe, sijui mimi. Siwezi kumeza mgeni ambaye hata jina hakusema."

Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba kwa Fundi wanakula nyama isiyo na anwani. Kasuku alikuwa amepita.

Watu walicheka, lakini Fundi hakucheka. Alikuwa ameipunguza suruali ya baba yake kiunoni mara mbili. Mtu anaweza kusema "niko salama" na kutabasamu, lakini utepe wa kupimia haujui adabu. Daktari alimpima mzee, akasema hana ugonjwa. "Ila hali chakula cha kutosha," alisema. "Mzee asiyekula huisha kama sabuni."

Tena kulikuwa na jambo la sanduku. Lilikuwa la mbao, limefungwa kwa mkanda, nalo lilikaa kando ya kitanda cha mzee. Hakuwahi kulifungua mbele ya mtu.

"Jumamosi ya wiki ijayo mkwe wangu hana zamu," mzee alitangaza jioni moja. "Atanirudisha kwangu."

"Kwako kuna nani, baba?"

"Kuna mimi."

"Ulianguka!"

"Nikaokotwa."

Fundi alimgeukia mumewe. Dereva aliitazama chai yake kwa bidii, kama mtu anayesoma. "Baba ameniomba," alisema kwa sauti ndogo. "Nitamkatalia vipi baba mkwe?"

Fundi alirudi kwenye cherehani yake. Alijua kabisa kitakachotokea. Mzee atarudi kwenye nyumba tupu, atapika akikumbuka, ataanguka tena, na safari hii huenda mluzi usisikike.

Akamkumbuka mama yake. Siku za nyama, mama alibandika chungu cheusi alfajiri, kabla watoto hawajaenda shule. Alikifunika, akazungusha donge la unga ukingoni ili mvuke usitoke. Moto wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba ungedhani umezimika. "Jikoni hakuna kukimbizana," alikuwa akisema. Mchana, watoto wakiwa bado mbali njiani, harufu iliwapokea. Walianza kukimbia bila kuambiana. Fundi angeweza kulia kwa kuikumbuka ile harufu tu. Chungu chenyewe hakujua kilikoishia. Vyombo vya mama viligawanywa wakati wa msiba, na yeye, kwa kilio, hakuuliza.

Mumewe ndiye aliyeleta habari. "Leo nimeshusha mkate jirani na bucha ya Mama Mizani," alisema. "Ameandika ubaoni kuwa anauza nyama ya ng'ombe wa bondeni. Nikasema nikwambie."

Fundi alivaa viatu hapohapo.

Bucha ilikuwa ndogo na safi, yenye vigae vyeupe hadi nusu ya ukuta. Mwenye bucha alikuwa mama mwenye mikono minene na macho ya utani. Waliompa jina la Mama Mizani walimpa kwa haki, kwa sababu hakuwahi kumpunja mtu. Ubaoni palikuwa na maandishi ya chaki: *Dume. Amelishwa bondeni, upande wa chemchemi.*

"Bonde lipi?" Fundi aliuliza. "Si lilifungwa?"

"Limefunguliwa, lakini kwa masharti. Keti hapo nikueleze, na nyama yake pia nikwambie ina—"

"Mama, sina nafasi hata ya kupumua. Nina gauni la bibi harusi linangoja pindo. Nikatie muundi tu."

"Muundi? Utaupika wapi?"

"Jikoni, mama. Wapi tena?"

"Hapana, nauliza chombo. Nyama hii, Fundi—"

"Nyama ni nyama, Mama Mizani. Nipe nikimbie."

Mama Mizani aliinua nyusi, akakata, akapima, akafunga. Methali ya haraka na baraka Fundi aliijua tangu darasa la kwanza. Lakini kuijua methali na kuikumbuka ukiwa na gauni la bibi harusi ni mambo mawili.

Nyumbani aliipika kama siku zote. Gesi hadi mwisho, maji tele, sufuria nyepesi ya kila siku. Ilichemka, ikamwaga povu, na baada ya saa moja ilikuwa mezani.

Hata hivyo, jambo moja lilitokea. Mzee alisimama mlangoni mwa chumba chake, akanusa. "Nini hicho?" aliuliza. Akawa wa kwanza kukaa. Alichukua kipande, hakukisukuma pembeni, akakitia kinywani.

Mzee alitafuna. Wote wakamtazama. Akahamishia shavu la pili, akatafuna tena. Kasuku, ambaye naye alikuwa na kipande chake, alikata tamaa mapema. Mwishowe mzee alikitoa kwa adabu, akakiweka ukingoni.

"Harufu ni yenyewe," alisema taratibu. "Hii naijua. Lakini huyu ng'ombe bado anakimbia."

Dereva alicheka. Alipouona uso wa mkewe, alijaribu kumeza kicheko pamoja na nyama, na vyote viwili vikamkwama.

Mzee aliinuka. Muda mfupi baadaye Fundi alisikia mkanda wa sanduku ukivutwa tundu moja zaidi. Akaketi mbele ya sahani yake na machozi yakamtoka, asijue analia kwa sababu ya baba, au mama, au nyama.

Asubuhi aliingia buchani na sufuria mkononi. Akaibwaga juu ya meza.

"Nimemrudisha ng'ombe wako," alisema. "Umeniuzia kwato."

Mama Mizani alifunua, akachoma kipande kwa uma. Uma ulirudi. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa aproni.

"Ulimpika muda gani?"

"Kama siku zote."

"Siku zote huwa unanunua nyama gani?"

"Ile ya mfuko, iliyoganda, kutoka duka kubwa."

"Haya. Sasa leo utakaa?"

Fundi alikaa kwenye kigoda.

"Ng'ombe wengi wa kwenye mifuko wamefugwa wamesimama," Mama Mizani alieleza. "Wanaletewa chakula cha kuwanenepesha, wanachinjwa wangali wadogo. Misuli yao haijafanya kazi. Huyu wa bondeni ametembea. Amepanda, ameshuka, amekula nyasi na majani. Nyama yake ni nyekundu zaidi, mafuta yake machache, na imekaza. Na muundi ndio mguu uliombeba safari yote hiyo. Niambie, Fundi. Mteja akikuletea jinzi, utaishona kwa sindano ya hariri?"

"Nitaivunja sindano."

"Basi jana uliivunja."

Fundi alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Mama Mizani aliivuta nusu ya ng'ombe iliyokuwa ikining'inia, akaonyesha kwa kisu.

"Sikiliza. Sarara hii na nyama ya mgongoni, hizo ni za haraka. Kikaango cha moto, dakika chache, basi. Muundi, shingo na kifua, hizo ni za taratibu. Chombo kizito, kifuniko kinachokaza, maji kidogo, moto mdogo. Bandika asubuhi, ule mchana. Kama ilikuwa imeganda, iache iyeyuke yenyewe ndani ya jokofu, rafu ya chini, si kuianika dirishani. Na ukiikata vipande, kata kwa kukingama nyuzi zake. Nyuzi unazijua kuliko mimi."

"Nazijua," Fundi alisema. Aliinama akazitazama. Zilipita kwa urefu, waziwazi, kama kwenye kitambaa.

"Na huu muhuri wa zambarau unauona? Huo ni wa mkaguzi wa nyama. Pasipo muhuri usinunue, hata muuzaji akiwa mjomba wako. Halafu usidanganywe na mtu anayesema 'nyama ya hapahapa' akanyamaza. Muulize: Imetoka wapi? Ilikula nini? Nani aliichunga? Mkweli atakujibu. Akianza kuguna, mwachie nyama yake."

Fundi aliinua kichwa. Hayo yalikuwa maswali ya baba yake, neno kwa neno. Kwa miezi yote hiyo alidhani ni maneno ya uzee.

"Ila bei yake imezidi kidogo," alisema.

"Imezidi, sikufichi. Kwa hiyo nunua kidogo. Ongeza maharage, ongeza mboga. Nani alisema nyama lazima ijaze sahani kila siku? Zamani tulikula mara moja moja, na mpaka leo tunaikumbuka."

"Hilo kweli. Sasa kwa nini bonde likafunguliwa?"

"Hilo kamuulize Bi Buti, mtunza bonde. Ijumaa alasiri anapokea wageni. Mpeleke mzee."

Mumewe aliposikia, alishika kichwa. "Fundi, mtu anataka kutoroka, na wewe unampeleka mpaka mlangoni? Akiliona bonde hatarudi nasi hata kuchukua sanduku."

"Kama ni kuondoka, aondoke akiwa ameona," Fundi alijibu. Alisema hivyo kwa ujasiri, lakini moyoni hakuwa na uhakika.

Ijumaa walikwenda na gari la mkate. Mzee alikaa mbele na kofia yake. Fundi na Kasuku walikaa nyuma kati ya makreti matupu, wakinukia mkate. Walifika kona ya mwisho. Hapo mzee alimgusa mkwewe bega. "Polepole hapa," alisema.

Fundi alijiandaa kuona miiba. Alikuwa analikumbuka bonde kwa sura tatu. Ya kwanza ilikuwa ya utoto wake: nyasi hadi kiunoni, maua ya manjano, tope baridi kati ya vidole vya miguu, mama anafua, na yangeyange weupe wakitembea nyuma ya ng'ombe kudonoa wadudu. Ya pili ilikuwa ya miaka ya mwisho ya ng'ombe: ardhi yenye kipara, vumbi, na chemchemi iliyobaki kidimbwi. Ya tatu ilikuwa baada ya kufungwa: vichaka vya miiba hata mbuzi asingepenya.

Aliposhuka garini aliona sura ya kwanza. Si yote, maana upande wa mbali miiba ilikuwa bado imesimama. Lakini palikuwa na nyasi, na ndani yake maua ya manjano. Alishika mkono wa Kasuku akaubana mno, mpaka mtoto akalalamika.

Mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira hadi magotini alikuja akishika waya mwembamba uliofungwa kwenye vigingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayechunga hapa?"

"Mimi nachunga nyasi. Ng'ombe wananisaidia."

Mzee alimtazama vizuri. Halafu akawatazama ng'ombe waliokuwa ndani ya waya. Aliwahesabu kwa macho, akakunja uso.

"Wachache! Na hizo nyasi zinafika magotini. Mbona unang'oa vigingi?"

"Leo wanahama. Nawapeleka kipande cha pili."

"Na chakula chote hicho kimebaki? Sisi tulikuwa hatuondoki mahali mpaka ng'ombe analamba udongo."

"Ikawaje, mzee?"

Mzee aliitazama ardhi chini ya viatu vyake. Upepo ulipita kwenye nyasi.

"Ikawa udongo," alisema.

Bi Buti hakucheka. Aliweka kigingi chini.

"Kila nyumba iliongeza ng'ombe mmoja," mzee aliendelea. "Mmoja tu. Utamkatazaje mtu mmoja tu? Halafu mwingine naye mmoja."

"Na sisi watunza bonde tukakosea upande wetu," Bi Buti alisema. "Tulidhani adui ni ng'ombe. Tukafunga. Mwanzoni nyasi zilirudi, tukashangilia. Baadaye zikawa ndefu kupita kiasi, zikalala, zikaziba jua. Maua yakafa chini yake. Vichaka vikaingia. Ndege wakahama."

"Yangeyange," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuwa naamka nakaa uani natazama juu. Miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja. Nilikuwa najiambia, wameondoka na ng'ombe wangu."

"Ndivyo ilivyokuwa, mzee. Tazama sasa." Bi Buti alielekeza kidole. "Ng'ombe wachache wanaingia kipande kimoja, siku chache, kisha wanahama. Wanakula zile nyasi ngumu zinazoziba nyingine. Wanavunja miche ya miiba. Kwato zao zinakanyagia mbegu ardhini. Mavi yao yanaleta wadudu, wadudu wanaleta ndege. Kisha kipande kinapumzika mpaka mizizi ipate nguvu. Na ule upande wa chemchemi, mvua zikianza hatuingii kabisa, kwa sababu patavurugika. Si kila mahali, wala si kila wakati."

Fundi aliuliza lililokuwa linamsumbua. "Na sisi tunaonunua nyama tunaingia wapi?"

"Ng'ombe wanazaana, dada. Wakizidi, tunarudi kwenye udongo wa mzee. Kwa hiyo lazima wengine wauzwe. Wakinunuliwa hapo mjini, mfugaji anapata sababu ya kuwaleta wengine kwa utaratibu huu. Wasiponunuliwa anawatoa, na miiba inarudi. Mtu akinunua muundi kwa Mama Mizani, amelinunulia bonde siku za kuishi."

Mzee alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa amesogea mpaka kwenye waya. Alivua kofia, akatia vidole viwili kinywani, akapiga mluzi. Ulikuwa uleule, mrefu, unaopanda mwishoni. Fundi alisisimka mwili mzima. Alijiona mdogo, amesimama mlangoni mwa nyumba ya zamani na kikombe cha maziwa.

Ng'ombe waliendelea kula. Mmoja alitikisa sikio, basi.

Mzee alicheka, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Hawanijui," alisema. "Wana mtu wao."

Lakini nyuma ya ng'ombe, kutoka ndani ya nyasi, yangeyange waliruka kwa kushtuka. Walizunguka, wakatua palepale. Mzee aliwatazama mpaka wa mwisho alipokunja mabawa. Kutoka pale paa la nyumba yake lilionekana, juu kidogo ya mteremko. Alilitazama pia. Hakuomba apelekwe.

Wakati wa kurudi walipita buchani. Fundi alinunua muundi mwingine, safari hii akasikiliza mpaka mwisho. Garini alimwambia baba yake, "Nimejua nilipokosea. Ila sina chombo. Sufuria zangu ni nyepesi. Laiti ningejua chungu cha mama kiko wapi."

Mzee aligeukia dirisha.

Jumamosi ikafika. Fundi alikaa kwenye cherehani mapema kuliko kawaida. Kutoka chumbani alisikia mkanda wa sanduku ukifunguliwa. Anaongeza nguo za mwisho, aliwaza. Alikanyaga pedali kwa nguvu ili asisikie zaidi.

Mzee alitoka. Hakubeba sanduku. Alibeba kitu kizito kilichofungwa kwa blanketi, akakiweka juu ya meza, juu ya gauni la bibi harusi. Akafungua blanketi polepole.

Kilikuwa chungu cheusi. Kilikuwa na pengo dogo ukingoni. Fundi alilijua pengo lile, kwa sababu alilifanya yeye, akiwa na miaka saba, na akapata adhabu yake. Alilipapasa kwa kidole.

"Kilikuwa sandukuni?"

"Muda wote. Nguo zangu zinaenea kwenye mfuko wa mkate. Sanduku lilikuwa la chungu."

"Baba! Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Huku kwako kila kitu kinaiva kwa saa moja." Alijifanya anatengeneza kofia. "Nilitaka nirudi nacho bondeni. Nilidhani kule hapana mtu, nikaona angalau nikae mimi. Kumbe pana mtu."

Fundi aliinuka. Alimkumbatia baba yake, na baba akampigapiga mgongoni, kisha akasema, "Haya, moto. Mchana hautungoji."

Aliikata nyama kwa kukingama nyuzi. Kitunguu, chumvi, maji kidogo. Kasuku akakanda donge la unga na kulizungusha ukingoni. Mzee alivuta kiti jikoni, akakaa kama msimamizi.

"Shusha moto."

"Nimeshusha, baba."

"Shusha."

"Utazimika!"

"Mama yako angekuwa ameshashusha."

Akashusha. Asubuhi nzima cherehani ililia chumba cha mbele, na chungu kikanong'ona jikoni. Fundi alimaliza pindo la gauni la bibi harusi, na lilikuwa pindo zuri kuliko yote aliyoshona mwaka ule. Kadiri jua lilivyopanda, harufu ilitoka jikoni ikapita chumbani, ikatoka dirishani. Kasuku aliitangulia mtaani kuitangaza, ingawa haikuhitaji kutangazwa.

Saa sita Dereva, aliyekuwa amekwenda kuazima gari kazini, aliliegesha nje. Aliingia na uso wa mtu aendaye mazikoni. Alifika mlangoni akasimama. "Nini hicho?" aliuliza, kama mzee alivyouliza siku ile.

"Kaa ule," Fundi alimwambia.

Walikula. Nyama iliachana kwa kijiko. Hakuna aliyezungumza, na hata Kasuku alinyamaza, mpaka jirani mmoja akaja kuuliza kama kuna ugonjwa. Fundi hakuwa anatazama chakula chake. Alikuwa anatazama ukingo wa sahani ya baba yake. Ulikuwa mtupu.

"Hii ina anwani," mzee alisema, akipangusa mchuzi kwa mkate. "Upande wa chemchemi, chini ya maua ya manjano. Nilikuwa nakaa hapo na mama yako."

Dereva alitazama saa, akakohoa. Ahadi ni ahadi. "Baba," alisema, "gari liko tayari. Nibebe sanduku?"

"Libebe," mzee alisema.

Fundi aliweka kijiko chini.

"Libebe ulipeleke chini ya meza ya cherehani. Mwanangu aweke humo vile vipande vyake. Vimeenea nyumba nzima."

"Na wewe, baba?"

"Mimi niende wapi?" mzee aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Chungu kiko jikoni."

Siku hizi Fundi hununua nyama kidogo, na huiagiza mapema, kwa sababu ng'ombe wa bondeni hawachinjwi kila siku. Siku nyingine wanakula maharage na hakuna anayelalamika. Majirani watatu wameanza kuagiza pamoja naye. Mmoja huchukua shingo, mwingine kifua, ili ng'ombe mzima apate wenyewe. Buchani wanauliza maswali matatu ya mzee, na Mama Mizani anayajibu kabla hawajamaliza.

Mzee huenda bondeni Ijumaa, gari la mkate likipita njia hiyo. Anarudi jioni na matope kwenye viatu, na habari za yangeyange.

Na mwezi uliopita Fundi aliiweka suruali ya baba yake juu ya meza, akachukua wembe mdogo, akafumua ule mshono wa kiunoni aliokuwa ameupunguza. Wiki mbili baadaye akafumua na wa pili.